Hesabu ya Mia Kwenye Maji Moto

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, na ninyi mnaopita tu barabarani mkiwahi safari zenu, nipeni masikio kidogo. Nina habari ya nyumba moja ya Kabuku. Siisimulii ili tuwanyooshee vidole wenyewe, maana mwenye habari yupo hai, na ndiye aliyeniambia, "Waeleze watu. Labda atakuwepo mmoja atakayesikia kuliko nilivyosikia mimi."

Jumamosi ile ilianza kwa harufu ya maandazi. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, na Husna alishajaza beseni zima, akafunika kwa kanga, akaanza kupanga pilau kwenye hotipoti mbili. Watoto watatu walikuwa wamevaa nguo za sikukuu na wanakimbizana uani, kila mmoja akidai kiti cha dirishani. Nje ya geti lilisimama gari aina ya Noah ambalo mume wake, Nicolaus, alilikodi kwa siku nzima.

Nicolaus ni mfanyabiashara wa machungwa. Msimu ukianza hulala leo shamba hili, kesho shamba lile, ananunua machungwa yakiwa bado mtini na kuyapakia malori. Msimu wa mwaka huo ulikuwa umekwisha vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita alikuwa na siku ya kupumzika. Akaamua kuichukua familia yote, pamoja na mama yake mzazi, waende kule milimani kwenye chemchemi ya maji moto ambayo watu wengi walikuwa wanaisifia.

"Mama analalamikia miguu tangu lini?" alimwambia mkewe akiwa anajitazama kwenye kioo cha gari. "Leo ataiingiza kwenye dawa ya Mungu mwenyewe. Haina foleni, haina sindano."

"Na kliniki yake ya sukari je, Baba Zuena? Si ulisema utampeleka?"

"Nitampeleka. Kwani kliniki itahama?"

Husna akaendelea kupakia vyombo. Alikuwa ameshauliza swali hilo mwezi wa saba, akauliza tena mwezi wa nane, na jibu lilikuwa hilohilo.

Hapa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu bila jambo hili hamtaelewa kilichofuata. Mama yake Nicolaus anaitwa Bernadina. Wakati huo alikuwa akiishi Mazinde, peke yake, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa mkonge. Baba yake alikuja kutoka kusini enzi hizo kufuata kazi, naye Bernadina akazaliwa humohumo kambini, akaolewa humohumo. Alianza kwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Mumewe alipofariki na kumwachia watoto wawili wadogo, akashika kisu cha kukatia mkonge kama wanaume. Miiba ilimchoma mapaja na mikono kila siku, na jioni alikuwa akiitoa mwenyewe mbele ya wanawe, mmoja baada ya mwingine, bila hata kukunja uso. Mtoto akijikwaa akalia, alimwambia, "Nyamaza. Mtoto wa mkonge halii." Nicolaus na dada yake Asnath walikua na maneno hayo, na mpaka leo wanawaambia watoto wao vivyo hivyo.

Sasa uzeeni Bernadina akapata kisukari. Asnath, aliyeolewa Kilole pale Korogwe mjini, ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki kila mwezi. Ila mwezi wa tano Asnath alijifungua, wakakubaliana kwamba kaka yake ashike zamu. Mwezi wa sita Nicolaus akaenda. Naam, alikwenda, tusimdhulumu. Alimfikisha mama mpaka kwenye benchi, kisha akatoka nje na simu, kwa sababu lori lake la machungwa lilikuwa limeharibika Segera na dereva alikuwa anapiga kila dakika.

Muuguzi akatoka kumfuata mpaka mlangoni. "Wewe ndiye mwanawe? Hebu ingia."

Aliingia na simu yake sikioni. "Subiri, usikate," alimwambia dereva.

Muuguzi akachukua kijiti, akamgusa Bernadina, aliyekuwa amekaa kitandani, nyayoni, akambonyeza kwenye vidole. Mama alikuwa anatazama ukutani, hana habari kwamba anaguswa. "Umeona? Miguu imekufa ganzi. Sukari imekula mishipa ya fahamu. Hasikii mwiba, hasikii moto. Asitembee peku. Na asitie mguu kwenye maji yoyote ya moto mpaka mtu mwingine ayapime kwanza kwa kiwiko. Wewe, au yeyote aliye naye. Tumeelewana?"

"Sawa, sawa, dada. Nimekuelewa." Kisha kwenye simu: "Ehe, umesema mafundi wamefika?"

Alisikia, ndugu zangu. Maneno yalimwingia sikioni, na yangekaa kama yangepata nafasi. Lakini kichwani mlikuwa na lori, na machungwa ambayo yangeoza juani. Hakumwambia Husna na hakumwambia Asnath. Mwezi wa saba hakumpeleka mama, wala wa nane. Kila siku mbili alimpigia simu kumuuliza hali, na Bernadina alijibu kama wazee wetu wote wanavyojibu: "Sijambo, baba. Miguu tu." Naye akasema pole, akakata.

Basi, Noah likaondoka Kabuku, likapita Segera, likafika Kilole kumchukua Asnath na mumewe Muhidini pamoja na kichanga chao cha miezi minne. Kutoka hapo wakakata barabara mpaka Mazinde. Bernadina alikuwa ameshakaa kibarazani tangu alfajiri, amevaa gauni lake la kanisani na soksi nyeupe ndani ya raba alizonunuliwa na Asnath. Wajukuu walimrukia. "Shikamoo Bibi! Shikamoo Bibi!" Uso wote ulimchanua. Nicolaus alimshika mkono akamkalisha kiti cha mbele kabisa, karibu na dereva, yeye akakaa nyuma yake na kumwekea mkono begani njia nzima.

"Leo ni siku yako, Mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Nilidhani mmenisahau."

Alisema kwa utani, na gari zima likacheka.

Gari lilipanda mlima kwa shida mpaka mahali njia ilipokwisha, wakashuka na kutembea polepole kwa miguu, mama akishikiliwa huku na huku. Chemchemi ilikuwa kwenye bonde dogo la mawe na miti mirefu, mvuke ukipanda. Ilikuwa na ngazi tatu. Juu kabisa palikuwa na jicho lenyewe, maji yakitokota chini ya jiwe, na wenyeji walichemshia hapo mihogo na ndizi. Chini yake kulikuwa na kidimbwi kidogo kisicho na watu. Chini zaidi maji yale yalikutana na kijito cha baridi, ndipo penye bwawa pana la kuogelea. Siku hiyo bwawa lilikuwa limejaa wanafunzi wa ziara, wanarukaruka na kupiga kelele.

Nicolaus akatazama bwawa, akatazama umati, akakunja uso. Mama yake hakuja kusukumana na watoto wa shule. "Tumkalishe hapa kati," alisema. "Hapa ndipo maji yenyewe, hayajachanganywa. Dawa ukiizimua inabaki dawa?"

Asnath akamvua mama raba na soksi. Nicolaus alikuwa na simu mkononi tayari, anatafuta pembe nzuri ili mvuke uonekane na mlima uonekane. Yeye alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi. Hakuinama. Hakuchovya hata kidole.

"Tia miguu, Mama. Tia tu."

Bernadina akamtazama mwanawe usoni kidogo, akatabasamu, akatia miguu yote miwili mpaka juu ya vifundo.

"Vipi, yakoje?"

"Mazuri, baba. Ya kawaida tu."

Asnath naye akavua ndala ili akae pamoja na mama yake. Alipotia mguu mmoja aliruka juu kama aliyekanyaga siafu, akapiga ukelele. "Mama wee! Yanaunguza!"

Na hapo, ndugu zangu, ndipo mtu mwenye akili angesimama. Mtu mzima karuka. Mzee mwenye sukari katulia tuli. Kuna kitu hapo. Lakini nyumba ile ililelewa kwa namna yake. Kwao, mtu anayenyamaza kwenye maumivu ni mshindi. Nicolaus akaangua kicheko. "Asnath, aibu! Mama anakushinda? Mtoto wa mkonge gani wewe?" Bernadina mwenyewe akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Huyu tangu utotoni mwoga," alisema. Ilikuwa siku nyingi hajacheka namna ile.

Watu wawili watatu wakasogea kutazama. Mmoja akasema hapo kijijini kuna msemo kwamba anayevumilia maji ya kati mpaka hesabu ya mia, maumivu ya miguu humtoka yote. Nicolaus hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akaiweka simu yake irekodi, akamshika mama bega kwa mkono mwingine, akaanza kwa sauti: "Moja! Mbili! Tatu!"

Muhidini alikuwa amesimama mbali, nyuma ya miti, na kichanga kifuani. Hakusogea, na msimlaumu haraka. Mama mkwe alikuwa amekunja gauni mpaka magotini, na Muhidini ni mtu wa Handeni aliyelelewa kujua kwamba mkwe hatazamwi miguu. Tangu amuoe Asnath, miaka tisa, hakuwahi hata kula meza moja na Bernadina. Lakini Muhidini alikuwa ametoka kununua mayai kwa mama mmoja pale, na mama huyo alikuwa amemwambia, "Hata haya ya kidimbwi cha kati, usione yametulia. Yai ukiliacha humo linaganda." Akageuka, akasikia hesabu imefika thelathini, akashtuka.

"Shemeji!" aliita huku ameupa mgongo ule upande. "Shemeji Niko! Hayo maji ni makali! Mtoe mama!"

"Njoo basi ujaribu wewe, tukuone!" Nicolaus alimjibu, na watu wakacheka.

"Sitanii, shemeji!"

"Arobaini na sita! Arobaini na saba!"

Muhidini alipiga hatua mbili, akasimama. Heshima ikamshika mguu. Akamwita mkewe, "Mama Ashura! Mama Ashura!" lakini Asnath alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine, na wanafunzi nao walishapanda kutoka bwawani wakaingilia hesabu kwa pamoja, kama wapo darasani. Bonde zima likawa linahesabu. Sabini. Themanini. Bernadina ameketi katikati yao na gauni lake la kanisani, jasho linamtoka usoni, anacheka na kuwapungia mkono. Mia!

Walishangilia. Nicolaus akambusu mama yake shavuni mbele ya watu wote, na ile video akaiweka palepale kwenye status yake: "Mama yangu, chuma cha mkonge." Pongezi zikaanza kumiminika kutoka Kabuku mpaka Dar es Salaam.

Miguu ilipotolewa ilikuwa myekundu kama nyanya. "Damu imefunguka," alisema Nicolaus, na wakaamini. Husna, aliyekuwa akipakua pilau, alikuja akaiangalia na kusema mbona imekuwa hivi, tuioshe na maji ya baridi. Bernadina akamwambia aache, haimuumi hata kidogo. Wakamvisha soksi na raba. Wakala, wakapiga picha, jua likaanza kuinama, wakarudi kwenye gari, safari hii mama akakaa katikati, kando ya Husna.

Walikuwa bado wanashuka mlima Husna alipoona soksi ya mama imelowa. Alidhani maji. Akaigusa, akanusa vidole, akasema, "Dereva, simama." Alivua raba taratibu, kisha akaanza kuivuta soksi, na ngozi ikafuata soksi. Watoto walipiga kelele. Bernadina aliinama kutazama miguu yake mwenyewe kwa mshangao, kama anatazama ya jirani. "Ni nini hicho?" aliuliza. "Mimi sisikii kitu."

Nicolaus alikuwa kiti cha nyuma yake. Maneno ya muuguzi yalimrudia yote wakati huohuo, neno kwa neno, hata ile kauli ya "tumeelewana?" Akageuzia uso dirishani.

"Twende moja kwa moja hospitali," alisema Muhidini.

"Hapana," alisema Nicolaus. "Jumamosi jioni hii tutamkuta nani? Tumpeleke nyumbani, tumpake asali. Jumatatu nitampeleka mwenyewe." Ndiye mtoto wa kiume pekee, wakamwachia aamue.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kosa la kwanza tunaweza kuliita usahaulifu, na sote ni wasahaulifu. Hili la pili halikuwa usahaulifu. Nicolaus alijua hospitali ina watu Jumamosi na hata Jumapili. Alichoogopa ni uso wa yule muuguzi. Aliogopa kuulizwa mbele ya mkewe na dada yake: "Si nilikwambia?" Akaona afadhali miguu ingoje kuliko aibu imfike. Jumapili akarudi Kabuku na watoto kwa kisingizio cha shule, akamwacha Husna Mazinde amuuguze mama. Jumatatu akasema kuna mtu wa mbegu anakuja. Jumanne akasema gari limekosekana.

"Mguu wa kushoto umebadilika rangi," Husna alimwambia kwenye simu siku hiyo. "Na unanuka, Baba Zuena."

"Ngozi iliyoungua hunuka. Ongeza asali."

"Wewe unaficha nini? Mficha maradhi kifo humuumbua."

Nicolaus akakata simu. Husna akampigia Muhidini.

Jumatano asubuhi Muhidini akafika Mazinde na gari la kukodi. Husna alijaribu kumwinua mama akashindwa. Homa ilikuwa imemlegeza mwili mzima. Muhidini alisimama mlangoni mwa chumba ambacho maisha yake yote asingethubutu kukanyaga. "Mama, niwie radhi," alisema. "Naingia." Akaingia, akampakata mama mkwe wake mikononi kama mtoto na kumtoa nje, machozi yakimtiririka. Bernadina alijifunika uso kwa kanga kwa haya. "Hujakosa kitu, mwanangu," alimwambia. Muhidini ananiambia mpaka leo anajiuliza, kama aliweza kuvuka heshima siku ile, alishindwaje kuivuka Jumamosi, hatua kumi tu?

Hospitali madaktari walifanya walichoweza. Mguu wa kulia ulipona, baada ya wiki nyingi. Wa kushoto ulikuwa umeshaoza mpaka ndani. Ukakatwa chini ya goti.

Nicolaus alikuja siku ya upasuaji. Alipita mbele ya yule muuguzi na kichwa chini, na muuguzi alimtambua, akafungua mdomo, kisha akaufunga na kwenda zake. Nicolaus ananiambia angetukanwa ingekuwa nafuu.

Ndugu na majirani wa Mazinde wakawa wanakuja kumtazama mgonjwa, na kila aliyeuliza ilikuwaje, Bernadina alijibu yeye. "Ni mimi mwenyewe nilijitia ushujaa. Watoto walinikataza, nikang'ang'ania." Wageni wakatikisa vichwa, wakasema wazee bwana, hawasikii. Nicolaus alikuwa ameketi hapohapo pembeni ya kitanda. Alisikia mama yake anajisingizia, akanyamaza. Siku ya kwanza alinyamaza, ya pili alinyamaza. Siku ya tatu alikuja mjomba wao, akamgombeza Bernadina kwa sauti wodi nzima ikasikia, kwamba uzee umemharibu akili. Bernadina akasema, "Kweli, kaka, nilikosa." Hapo Nicolaus akashindwa.

Mjomba alipotoka, alipiga magoti chini kwenye sakafu. "Mama, mimi niliambiwa. Mwezi wa sita. Muuguzi aliniambia miguu yako haisikii moto, na kwamba nipime maji kwanza. Nilisahau. Na siku nne zile nilijua, nikaogopa aibu."

Husna na Asnath walikuwa pale.

"Najua uliambiwa," alisema Bernadina. "Si nilikuwepo? Nilikuwa nimekaa palepale kwenye kitanda cha kliniki, muuguzi akikwambia."

Nicolaus aliinua kichwa. "Ulijua? Sasa kwa nini ulitia miguu, Mama?"

Bernadina alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Si wewe ndiye uliyeambiwa upime? Uliponiambia 'tia, Mama', nikajua umeshapima."

Hakuwa anamlaumu. Alisema tu jinsi ilivyokuwa. Nicolaus alitoka nje ya wodi, akakaa juu ya ukingo wa mtaro, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, watu wakipita na vikapu vya chakula.

Leo Bernadina anaishi Kabuku kwa mwanawe. Anatembelea magongo. Kliniki hakosi hata mwezi mmoja, maana Nicolaus humpeleka mwenyewe, simu anaiacha nyumbani. Video ameifuta, lakini watu walioituma kwa wengine ni wengi, na mara mojamoja huletewa na mtu asiyejua: "Hebu mwone huyu bibi alivyo jasiri!" Na kuna jambo moja hawezi kulirekebisha. Bernadina alikuwa na bustani ndogo nyuma ya nyumba yake Mazinde, mchicha na bamia, aliyoilima kwa mkono wake kila asubuhi tangu alipostaafu. Huiulizia mara kwa mara. Wiki iliyopita aliuliza kama kuna mtu anaimwagilia. Nicolaus akamwambia ndiyo. Ukweli ni kwamba imeshakuwa majani matupu, na safari hii alidanganya kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kumpokonya mama yake kitu kingine.

FUNZO

Ndugu msomaji, safari ya kwenda kuogea maji moto si dhambi. Nendeni milimani na wazazi wenu, kaleni pilau, chekeni nao. Wazee wanakufa kwa upweke kabla ya maradhi. Ila usifanye siku moja ya shangwe iwe fidia ya miezi mitatu ya kutokuwepo. Mzazi haponi kwa kuonyeshwa watu. Anapona kwa mtu aliyekaa kwenye benchi la kliniki akasikiliza alichoambiwa, akarudi nyumbani akawaambia na wengine.

Mwenye kisukari akisema haumii, usimsifu. Mpeleke. Kutoumia kwake ndiko ugonjwa wenyewe. Tena sisi tuliolelewa na wazazi wa kazi ngumu tuache kuwafunza watoto kwamba kunyamaza ni ushujaa, kwa sababu siku moja mtu atanyamaza na tutampigia makofi akiwa anaungua. Na ninyi wenye heshima kama ya Muhidini, heshima ni nzuri na sitaki ife, lakini ukiona mkwe wako yuko hatarini, ivuke hiyo heshima, uombe radhi baadaye.

Na ukikosea, kosea mara moja. Usilifiche kosa. Asali ile ya siku nne ilikuwa ni aibu ya Nicolaus iliyopakwa juu ya kidonda cha mama yake. Tunasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Na huyu mjukuu akishafika, hana kazi anayoweza kukusaidia.

Mwisho nawaombeni hili. Mzazi wako aliyezeeka amekuachia kazi ya kuona na kusikia kwa niaba yake. Hakuulizi kama umeifanya. Ukimwambia kanyaga hapa, anakanyaga, kwa kuwa wewe ni mwanawe. Basi kabla hujamwambia, hakikisha.